Kuvua Mwezi

Mimi ni mtu wa kushuku. Kuku akitaga mapema, nauliza kwa nini. Kwa hiyo wajomba waliponiambia, "Winfrida, wewe uliyesoma, andika wasifu wa babu, kesho tunazika," nilijua nitasumbuka.

Wasifu wa marehemu una sentensi isiyokwepeka: ameacha mjane mmoja, watoto sita, wajukuu kumi na tisa. Nilikuwa nimefika kwenye "mjane" pale Bariki, dereva wa bodaboda wa kijiwe chetu cha Gungu, aliponiinamia kunipa pole.

"Dada, watu wa Simbo mmeshawapa taarifa?"

"Simbo kuna nani?"

Akashtuka. "Aa, mimi nilikuwa nampeleka tu mzee." Akajipenyeza katikati ya watu, akaniacha na kalamu mkononi. Sisi hatuna ndugu Simbo.

Babu yangu Nikodemu, mvuvi wa dagaa, alikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Aliwahi kumwamkia mbuzi shikamoo mbele ya padri, ati mbuzi ana ndevu nyingi kuliko zake. Mimi aliniita mke wake mdogo, na bibi Veneranda akaniita mke mwenza. Nilimpenda babu kupita kiasi. Na kila mwezi alibeba mfuko wake akatoweka siku tatu. Ukimuuliza anakwenda wapi, alijibu: "Kuvua mwezi. Dagaa wamenichosha." Tulicheka mpaka akapotea kwenye kona.

Niliinua macho. Wavuvi wa Kibirizi walikuwa wamejaa msibani, hawana haraka yoyote. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na boti zote zinalala ufukweni. Babu alikuwa akiondoka siku hizo hizo, miaka nenda miaka rudi. Mvuvi asiye na kazi anakwenda wapi siku tatu?

Nikajiona kesho nikisoma "mjane mmoja", na nyuma ya kanisa mwanamke anasimama na watoto wake wenye pua ya babu. Bibi yangu aaibike mbele ya jeneza! Nilimfuata Bariki.

"Nipeleke ulikokuwa ukimpeleka."

"Dada, mambo ya wazee hayo..."

"Washa pikipiki."

Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Huko Simbo tulisimama kwenye nyumba ndogo ya tofali za kuchoma. Bibi mmoja mwembamba alikuwa anaanika mihogo. Nikatupa jicho mlangoni, na pale mlangoni palikuwa na buti za mvua za babu. Kiraka cha mguu wa kushoto nilikibandika mimi mwenyewe.

"Shikamoo," nilisema nikiwa nimeuma meno.

"Marahaba." Alinitazama usoni, akaweka ungo chini. "Wewe ni wa Nikodemu. Mwezi umejaa na hajaja. Amekufa?"

"Jana. Na wewe ni nani wake?"

"Honorata. Mjane wa Alphonce." Akanionyesha shamba la mihogo, matuta yamenyooka. "Lile lote kalima yeye. Kila mwezi, tangu mume wangu azame. Anafikia jiko lile la nje, analima, anaondoka. Siku ile alipozama ilikuwa zamu ya Nikodemu kuingia ziwani. Alikuwa na harusi ya kwenda kucheza, akamwomba Alphonce amshikie zamu. Mimi nilishamsamehe, nikamwambia. Hakunijibu. Alichukua jembe."

Bado nilishuku. "Na vichekesho vyake? Alikuchekesha sana, eti?"

"Nani, Nikodemu?" Alinishangaa kweli. "Mwanangu, miaka thelathini sijawahi kuyaona meno ya mtu yule. Alikuwa anakula huku machozi yanadondokea kwenye ugali."

Nilimwomba radhi, nikarudi Gungu.

Bibi alikuwa amekaa mkekani. Aliwaomba akina mama watoke kidogo, akanivuta karibu.

"Nimesikia Bariki amekupeleka Simbo. Wako wangapi?"

"Akina nani, bibi?"

"Watoto wake. Usinifiche. Mimi nimezaliwa Kibirizi, mwezi ukiwaka nani anavua?"

"Kumbe ulijua? Mbona hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akanichekesha. Nikamuuliza tena, akanichekesha. Mwisho nikaona nicheke tu."

Basi nikamweleza yote: jembe, jiko la nje, Alphonce, machozi. Nilidhani nimemletea faraja. Hakuna mke, bibi! Hakuna mtoto! Miaka thelathini ulikuwa mke wake wa pekee!

Uso wake ulibadilika, lakini si kwa furaha. Alivua kanga kichwani, akaifunga upya, akaivua tena.

"Bora angekuwa na mke," alisema. "Mke ningekwenda kumtukana, yakaisha. Huyu kachukua huzuni yake yote kampelekea mtu mwingine. Mimi kaniletea mizaha."

Nikalia. Nilimlilia yeye, na nilijililia mwenyewe, maana hata mimi mke mdogo sikupewa zaidi ya ile mizaha.

Baada ya muda akanisukumia karatasi. "Andika. Mjane mmoja."

Nikaandika.

"Na Bariki aende Simbo amchukue yule mama. Kesho akae karibu yangu."

"Wa nini, bibi?"

"Nataka anieleze mume wangu alivyokuwa akilia."