Chupa ya Tatu

Chupa ya pili nayo ikaiva rangi, nyekundu kama ya kwanza. Ya tatu ndiyo ingepewa maganda ambayo siri yake niliijua mimi tu.

Mwalimu wa chuo alikaa kwenye kiti chetu pekee chenye mgongo, kalamu mkononi. Alikuja kuona jambo moja tu: chupa tatu, rangi moja. Zikifanana, anasaini, mjukuu wangu anaendelea na utafiti. Zisipofanana, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Mke mwenzangu," mjukuu akaninong'oneza kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "mbona jasho?"

"Uzee. Hauombi ruhusa."

Akacheka, maskini.

Maganda ya pasheni aliyaomba kwenye kiwanda cha juisi, yale wanayoyatupa kwa magunia. Alitaka kuyatoa ile rangi na faida zilizomo bila spiriti, bila kitu cha kuchoma pua. Sukari, unga wa ndimu, maji kidogo. Akavipasha pamoja mpaka vikawa kama asali. Nilidhani anapika peremende.

"Hii ndiyo inayochomoa kilichomo ndani ya ganda, Bibi," aliniambia. "Na mtu akiilamba hafi."

Kazi yangu ilikuwa kukausha. Juma lile mvua ilikataa kuondoka, basi trei tukaziweka juu ya jiko, moja baada ya nyingine.

"Joto lisizidi mkono unavyovumilia," alisema.

Mbili zilikwenda vizuri, yeye mwenyewe akiwa karibu. Ya tatu akaniachia. Nikaweka mkono: poa. Nikaongeza makaa, nikaweka tena: poa tu. Sikukumbuka kwamba mkono huu umeepua sufuria bila kitambaa miaka arobaini. Nilipofunua, maganda yalikuwa ya kahawia. Nikachambua yaliyoungua kabisa, yaliyobaki nikayatwanga upesi, nikafunga mfuko na mdomo wangu pamoja.

Sasa mfuko ule ulikuwa mkononi mwa mjukuu. Akapima. Akamimina ile asali yake, akakoroga. Mwalimu akasogeza kiti. Tukasubiri, na chupa ikageuka rangi ya chai iliyolala.

"Kimiminika chako hakiaminiki," mwalimu akasema, akainamisha kalamu aandike.

Mjukuu wangu aligeuza viganja juu. Alikuwa anaitazama mikono yake, akitafuta ilipokosea.

Hapo nikashindwa. "Mwalimu, kalamu ingoje. Kimiminika hakina kosa. Maganda niliyaunguza mimi, kwa kupima joto kwa mkono huu, nikanyamaza."

Mwalimu aliomba mkono wangu. Akakipapasa kiganja, kigumu kama soli.

"Wiki mbili," akamwambia mjukuu. "Chupa tatu, upya."

Mlango ulipofungwa nikangoja maneno makali. Aliosha chupa, moja moja, akinipa mgongo.

"Ungeniambia tu, Bibi."

Nikachukua kitambaa, nikazikausha.

Kesho yake akaleta kipimajoto. Namba nazijua, nilifika darasa la nne; macho ndiyo yaliyozikataa. Akachukua rangi ya kucha, akakichora mstari mwekundu penye kikomo cha joto.

"Usivuke hapa, mke mwenza."

Sikuvuka. Mwalimu alirudi, akazipanga chupa tatu dirishani, akazitazama mpaka miguu ikaniuma. Kisha akasaini.

Siku hizi mjukuu ana vyombo vyake vikubwa, kipimajoto ameniachia. Mstari umechubuka, nimeurudia mara mbili; chini yake mjukuu amechora mwingine, wa maji ya mtoto. Kabla sijamwogesha kitukuu, natumbukiza kwanza kipimajoto kwenye beseni.

Mkono siuulizi tena.