Koki Iliyofunguka Kweli

Mtaalamu wa kompyuta wa kituo cha maji alibonyeza "Fungua" bila wasiwasi wowote. Alikuwa kwenye mfumo wa majaribio, ambamo matangi na koki ni picha tu za kwenye skrini.

Mara ukuta nyuma yake ukaanza kunguruma. Bomba kubwa la tangi la pili lilikuwa linapitisha maji.

Tangi hilo lilikuwa limekaushwa ili lisafishwe, na aliyekuwa ndani akisugua sakafu alikuwa kaka yake, fundi bomba.

Akabonyeza "Funga". Skrini ikaandika: imefungwa. Ukuta ukazidi kunguruma.

Akafungua mafaili ya mipangilio. Yalikuwepo mawili, moja la majaribio na moja la kazi halisi. Asubuhi, kwa uvivu wa kuandika upya, alikuwa amenakili mistari ya kufungua kutoka la kazi halisi na kuiweka kwenye la majaribio. Basi amri ya kufungua ilibeba anwani ya koki ya kweli. Ya kufunga ilikwenda kwenye picha. Kosa aliliona, ila hakuthubutu kugusa kitufe kingine. Je, akizidi kuharibu?

Akampigia kaka yake. Simu ikaita mpaka ikakatika.

Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Funga kwa mkono!" alimpigia kelele mlinzi wa pampu. "Kaka yangu yumo ndani!"

Mlinzi hakuuliza. Wakalivamia gurudumu la koki wote wawili. Likagoma. Likasogea kidogo, likagoma tena. Mlinzi akalitukana, akalilalia kwa uzito wake wote, na hatimaye bomba likanyamaza.

Dada mtu akapanda ngazi ya tangi. Akachungulia gizani.

"Kaka! Kaka wee!"

Akaita tena. Kisha mtu akakohoa.

Kaka alikuwa ameng'ang'ania ngazi ya ndani, maji yamemfika kifuani, midomo inamcheza.

"Mdogo wangu," alisema, "kama nanuka, si ungeniambia tu?"

Dada hakuweza kucheka. Alimshika mkono, akamvuta, na hata walipofika chini hakumwachia.

Siku hiyohiyo alimweleza mkuu wa kituo kila kitu, bila kujitetea. Kompyuta ya majaribio ikachomolewa waya wa mtandao. Koki nayo ikawekewa kufuli, na ufunguo anaingia nao tangini anayesafisha.

Kaka aliporudi kusafisha tangi, dada mtu alikaa ofisini mikono mapajani, akiusikiliza ukuta.