Siku ya Jina la Petkana

Fomu ya usajili wa saratani ilikuwa na nafasi moja iliyonishinda kuijaza: tarehe ambayo mgonjwa alilalamika kwa mara ya kwanza. Muuguzi wangu, Zdravka, aliponiona nimeduwaa na kalamu mkononi, alinishauri niandike Aprili, mwezi niliompeleka mgonjwa huyo, Snezhina, hospitali ya mkoa. Nani angeuliza? Katika mji wetu mdogo wa Bulgaria, mimi ndiye daktari na mimi ndiye faili.

Ukweli ulikuwa Oktoba. Walikuja wawili, mama na binti, na wote walikuwa wakiona damu chooni. Petkana, mwenye miaka sabini na mmoja, nilimwandikia barua ya kipimo papo hapo. Snezhina, wa miaka thelathini na sita, nilimpa dawa ya kupaka ya bawasiri nikamtania: "Saratani ya utumbo ni ya wazee, binti. Wewe bado mbichi." Tukacheka wote watatu. Mama akakutwa mzima. Binti alirudi mara mbili, nami nikambadilishia dawa ya kupaka tu.

Si kwamba sikuambiwa. Nilikuwa nimeletewa ripoti ya dunia nzima, ikisema kwamba wagonjwa wengi bado ni wazee, lakini katika nchi nyingi saratani ya utumbo inazidi kuwapata walio chini ya miaka hamsini. Niliikunja nikaiweka chini ya chungu cha maua dirishani, inyonye maji. Bado ipo pale. Naona haya hata kuiondoa.

Petkana aliingia bila kubisha hodi, na kifurushi cha kitambaa mkononi. Hospitali walikuwa wamemwambia fomu iko kwangu. Nikaifunika kwa kiwiko kama mwanafunzi anayeficha majibu.

"Inua mkono, daktari," akasema. "Umeandika tarehe gani?"

"Bado, mama."

"Tarehe kumi na nne Oktoba. Siku ya jina langu. Nilikuletea banitsa, ukamjibu mwanangu mdomo umejaa."

Kwetu, anayesherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake hakataliwi chakula chake. Nilikula vipande vitatu vya andazi hilo la jibini na siagi, na siagi ile naikumbuka kuliko maneno ya Snezhina. Nikaandika kumi na nne Oktoba. Petkana alisubiri wino ukauke. Nikamwambia kwamba leo hii ningekwenda kumweleza Snezhina mwenyewe.

"Utakwenda, ila akishamaliza dawa. Sasa hivi anaamini wewe ndiye uliyemwokoa. Kila Jumapili anakuwashia mshumaa kanisani. Sina kingine cha kumpa ashikilie."

Akafungua kitambaa. Banitsa ilikuwa bado ya moto, imeungua upande mmoja.

"Mwanangu kaamka alfajiri kukupikia, na hata kusimama hawezi. Kula, nikamwambie umekula."

Zdravka akatoka nje. Nikala, Petkana akinitazama, mpaka kipande cha mwisho.