Gliserini ya Ngara

Kibe nilimtuma gliserini, akaniletea mafuta ya kujipaka. Sasa niambieni, mtu kama huyo utamfanya nini?

Tuko wawili tu katika karakana ya hospitali, mimi na yeye. Asubuhi hiyo tulikuwa tumeibadilishia mota ile pampu inayozungusha damu ya mgonjwa wakati moyo wake umesimamishwa. Damu ni nzito kuliko maji, kwa hivyo pampu haijaribiwi kwa maji matupu. Unayachanganya na gliserini mpaka yawe mazito kama damu. Yetu ilikuwa imekwisha. Kibe akakimbia madukani Ngara, akarudi na chupa, tukachanganya, pampu ikazunguka bila kusita. Nikalia, sioni haya kusema. Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa Gichuru, ndugu yangu mdogo mwenye valvu mbovu ya moyo, na madaktari wageni waliokuja kumpasua walikuwa wanaondoka nchini jioni ile ile. Nikapiga simu juu, chumba cha upasuaji, nikasema pampu iko sawa. Gichuru akadungwa sindano ya usingizi.

Nikipangusa meza nikasikia harufu ya waridi mikononi. Vidole havikunata hata kidogo. Nikamuuliza Kibe aliomba nini dukani. Akasema aliomba gliserini, kwani kuna nyingine? Ilikuwa Julai ya 2006, baridi imepasua midomo ya kila mtu Nairobi, na gliserini ya madukani huwa imeshatiwa maji ya waridi ili isinate usoni. Ile ile mke wake hujipaka kule Kinoo. Jamani! Tulikuwa tumeongeza maji kwenye maji.

Nikamrudisha mbio, safari hii duka la kemikali, na nikampigia Daktari Mwanzia, daktari wetu wa moyo, kumsihi asubiri. Kibe alirudi akihema. Tukachanganya upya. Pampu ilizunguka kidogo, ikaguna, ikasimama. Tukafungua, tukakaza, tukajaribu tena na tena, mpaka Kibe akanishika mkono akasema, dada, wacha.

Nilitamani kunyamaza. Nilisimama pale nikijiambia kwamba pengine kwa damu yenyewe ingezunguka. Pengine. Kisha nikapanda juu nikamwambia daktari pampu haifai. Aliniuliza kama ninajua wageni hawarudi mpaka mwaka ujao. Nilijua. Na majuzi yeye mwenyewe alikuwa amesema moyo wa Gichuru hautafika huko.

Mama, aliyetoka Waithaka alfajiri, alikuwa kwenye korido na Biblia yake. Hakunilaumu.

"Shiku, ingia umwambie wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Gichuru alikuwa anaamka, dawa bado imemlegeza ulimi. Akapeleka mkono polepole kifuani, juu ya shuka, akatabasamu.

"Wameshamaliza?" akauliza. "Mbona sisikii uchungu hata kidogo?"