Shungi Lililokatwa Jikoni

Kuramochi alikatwa shungi lake la nywele jikoni, kwa mkasi wa kukatia samaki. Mpiganaji wa sumo akistaafu kwa heshima, wakubwa hupanda ulingoni mmoja mmoja, kila mtu akakata kidogo, watu wakalia. Yeye alifukuzwa, akakatiwa katikati ya masufuria, mkuu wa kambi yao akiwa amempa mgongo.

Kosa halikuwa lake. Sawanobori, nyota wa kambi, alilewa akampiga mwenzao Tamaki kwa chupa, sikio moja likafa. Alipoulizwa, akamtaja Kuramochi. Tamaki aliogopa, akanyamaza. Na mkuu wa kambi alikuwa amekwisha mwoza Sawanobori binti yake. Angemwamini nani mwingine?

Kuramochi akaja kwetu Osaka, kwenye mieleka ya maonyesho, ambako mimi ni refa. Kilichomtesa ni kuanguka. Kwenye sumo ukianguka umekwisha. Kwetu kuanguka ndiyo kazi. Alijibwaga mkekani mpaka mgongo ukawa rangi ya bilinganya.

"Pumzika, bwana wee," nikamwambia.

"Nitapumzika Sawanobori akilala."

Miaka ikapita. Goti likamtoa Sawanobori kwenye sumo, naye akaja kwetu na jina lake kubwa. Promota akawapambanisha, na ikakubaliwa Sawanobori ashinde. Siku hiyo aliingia chumba cha kubadilishia nguo akichekacheka.

"Mdogo wangu, yaliyopita si ndwele, au vipi?"

"Ndwele unayo, kaka," Kuramochi akasema bila kuinua macho. "Leo nakuganga."

Mwanzoni walicheza kama walivyopatana. Kisha Kuramochi akachutama, akagusisha ngumi mkekani kama anayeanza pambano la sumo, nami nikajua mambo yameharibika. Akafyatuka. Kiganja kilimpata Sawanobori tayani, jino likaruka.

"We, lala chini!" nikamnong'oneza. "Wewe ndiye wa kushindwa!"

"Kaa pembeni, refa."

Alimkalia kifuani, kilo mia na sitini, akaagiza kipaza sauti.

"Nani alimpiga Tamaki?"

"Unaniua, jamani!"

"Nani?"

"Mimi! Nilimpiga mimi, nikakusingizia wewe!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga na miguu, wakidhani ni maonyesho. Nilimwona Kuramochi akigeuka huku na huku, uso umemshuka, kama mtu aliyeibiwa. Lakini mstari wa mbele yule mkuu wa kambi, aliyekuja na binti yake kumtazama mkwewe, hakupiga makofi; aliinamisha kichwa. Binti alimtazama mumewe kwa muda, akainuka, akatoka peke yake.

Nyuma ya pazia promota alikuja mbio. Nilidhani anakuja kumfukuza Kuramochi.

"Mmenivurugia mpango, washenzi nyie! Lakini mmewasikia watu? Kesho Nagoya mnarudia hivyohivyo!"

"Mimi siwezi," Sawanobori akasema, barafu shavuni.

"Umesaini mwaka mzima, bwana."

Kuramochi alikuwa anatafuna tonge la wali. Uso ukamrudia taratibu.

"Kesho paza sauti, kaka," akasema. "Wa nyuma hawakusikia."

Tulizunguka nchi nzima. Tulipofika Sendai, mashabiki walikuwa wakiuliza wenyewe, ukumbi mzima: "Nani?" Na Sawanobori, ambaye mkewe alikwisha rudi kwao, alijibu kila mara. Siku moja nikamuuliza Kuramochi kama hajatosheka.

"Bado," akasema, akaenda kufunga viatu vyake.