Mwalishi wa Maabara

Usiku wa jana, mimi mwalishi wa harusi niliyeishia darasa la saba, niliota nimeitwa chuo kikuu. Mjukuu wangu Mwanakheri, anayesomea shahada ya pili ya kemia, amefunga begi. Mwanamke peke yake maabara nzima ya kemia, amechoka. Ameanzisha chama cha wasichana wenzake wa sayansi, na wasipotimia saba leo, chama kinafutwa, naye anarudi nyumbani.

Ukumbini kuna viti saba na darubini. Darubini ndiye katibu.

"Hajaonekana mtu," anasema, jicho halinyanyui.

"Wamealikwa?"

Ubao wa matangazo unadakia, "Nimewaalika! Nimeandika WOTE MNAKARIBISHWA!"

"Wote ndiye nani? Anakaa nyumba ipi?"

Mungu nipe subira. Kwetu Tanga, harusi isiyopitishiwa mwalishi mlango kwa mlango haina watu. Bandika karatasi yako, ule pilau peke yako.

"Milango yao iko wapi?"

Darubini ananionyesha friji sita za maabara.

Nagonga ya kwanza. "Hodi!"

"Nani?"

"Mwalishi."

Friji inafunguka. Ndani kaketi binti wa fizikia, kajifunika blanketi, anaandika tasnifu juu ya trei ya mayai.

"Tangazo nililiona, bibi. Nikadhani wenzangu wameshajuana, mimi nitakuwa mgeni."

Friji ya pili, maneno yale yale. Ya tatu, yale yale. Ya nne nikamwambia, "Usiseme, nayajua. Vaa viatu." Shahada mbili mbili, na kupigiana hodi hawajui!

Nageuka, ukumbi umekuwa jiko langu. Mabinti sita wanamenya vitunguu na kubishana habari za mbu. Kila dakika mmoja anashangaa, "Kumbe na wewe?"

"Sita," anasema darubini. "Chama kinafutwa."

"Ngoja, wewe! Mwenye shughuli yuko wapi?"

Mwanakheri kasimama mlangoni na begi lake.

"Mbona huingii?"

"Sikualikwa, Bibi. Matangazo yote niliandika mimi. Mimi nani aliniambia njoo?"

Haki ya Mungu, nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa mkono uleule. Nikagonga begi. "Hodi. Mwanakheri binti Shekue, unaalikwa."

Akalifungua, akatoa koti jeupe la maabara, akalivaa, akakalia kibao cha mbuzi, tayari kukuna nazi.

"Saba," akasema darubini.

Nimeamka vifundo vya vidole vimechubuka, vina barafu. Nyumba hii haijapata kuwa na friji.