Neno Ambalo Laurencia Hakuliandika

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi ile ukungu ulilala juu ya kijiji cha Ganako mpaka saa nne, na manyunyu yakaloanisha kaburi dogo ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashuka. Laurencia alipiga magoti hapo, akamwomba Mungu amwonyeshe cha kuwajibu watu.

Kesho yake ukoo ungekaa kikao. Walikwisha kusema mjukuu wake amekufa kwa uzembe wa mama yake, Eunike, na kwamba Eunike arudishwe kwao Loliondo. Laurencia alijua mkwewe hakuzembea. Mtoto alipoumwa tumbo, yeye Laurencia alimnywesha dawa ya mizizi. Eunike alikataa, naye Laurencia akamwambia, “Mimi nimeisoma kwenye tafiti.”

Jioni, katika darasa la watu wazima mjini Karatu, aliketi mbele ya kompyuta, kwenye ukurasa wa kutafuta tafiti.

“Mama Inosenti, unaigonga kama unatwanga kisamvu!” Vedasto, dereva wa watalii aliyesoma naye, alimtania Laurencia.

“Niache, wewe. Kabishane na tembo wako.”

Mwalimu Raphaeli akainama. “Mara ile ulitafuta kwa maneno gani?”

“Jina la mti, na tiba.”

“Ndiyo maana ikakuletea tiba tupu. Hii haikushauri, mama, inakuletea ulichoagiza. Andika na neno usilolipenda.”

Wakaliacha jina la nyumbani, wakaandika la kisayansi, wakalifunga kwa alama za kunukuu. Wakaongeza: sumu, watoto wachanga. Majibu elfu mbili yakabaki manne. Laurencia akasoma muhtasari wa tatu, kidole kikifuata neno kwa neno.

“Mwalimu, hapa wanasema inaharibu ini?”

“Ini, mama. Macho huwa ya njano kwanza.”

Laurencia alikuwa ameiona ile njano machoni mwa mjukuu wake. Siku ya pili aliiona, akaongeza kijiko cha dawa.

Eunike, aliyemsindikiza, alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, khanga ya matanga kichwani. Laurencia alimwita ndani, akamshika mikono mbele ya darasa zima.

“Eunike mwanangu, hawa wote wasikie. Kesho, kabla mtu hajafungua mdomo, nitasimama mbele ya ukoo niseme dawa nilitoa mimi, wewe ulikataa, nami nikakulazimisha. Mungu ananisikia. Hutarudishwa Loliondo kwa kosa langu.”